Pikipiki Inakushinda Ukienda Polepole? Tafuta Dalili Yako Hapa

Mtu akija kwangu kujifunza pikipiki, swali lake la kwanza huwa ni siku ngapi mpaka aingie barabarani. Mimi humwonyesha magoli mawili ya uwanja wa mpira. Toka goli hili hadi lile kwa dakika nzima, mguu usiguse chini, injini isizime. Uwanja wetu hapa Morogoro una urefu wa mita 100 hivi, kwa hiyo dakika moja ni mwendo wa kilomita 6 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kuwahi daladala. Hata vijana waliokwisha kubeba abiria miezi sita hushindwa. Wanafika goli la pili kwa sekunde ishirini, miguu inaning'inia pande zote mbili kama wamepanda punda.

Sababu yake inaeleweka. Ukiwa na mwendo, pikipiki hujishikilia yenyewe: magurudumu yanazunguka kwa nguvu, na jinsi uma wa mbele ulivyolala nyuma kidogo hulifanya tairi lijinyooshe bila wewe kufanya lolote. Mwendo ukishuka, msaada huo unaondoka na kazi yote inabaki kwako. Na siku ya dereva imejaa mwendo huo: foleni, geti, uchochoro, kugeuza kijiweni, kupita sokoni katikati ya watu na matoroli.

Nimepanga kwa dalili. Ruka moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua, ila sehemu ya kuyumba isome hata kama huyumbi, maana nyingine nyingi zinatokana na hiyo.

Kwanza: kosa ni lako au la pikipiki?

Mpe mtu mzoefu pikipiki hiyohiyo, azunguke njia ileile uliyoshindwa. Akipita kirahisi, soma mbele. Naye akihangaika, ita fundi.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumtesa kijana mmoja siku mbili nzima. Kila akiachia klachi, ule mkono wa kushoto unaotenganisha na kuunganisha injini na gurudumu, pikipiki inashika kwa kushtukiza na kumrusha mbele. Nikawa namwambia, "Huna subira na mkono huo, mdogo wangu." Siku ya tatu nikaipanda mwenyewe. Mkono wangu ukasikia klachi inakwama katikati, halafu inafyatuka. Tulipovua kile kimpira cha kwenye mkono wa klachi, nyuzi za waya karibu nusu zilikuwa zimekatika, na ncha zake zinakwaruza ndani ya ala. Waya mpya ulifungwa kabla chai haijapoa, na asubuhi ileile kijana akaondoka kama maji. Nilimwomba radhi.

Kwa hiyo kabla ya somo kagua haya. Mkono wa klachi uwe na mchezo kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukikosa mchezo kabisa, klachi inateleza. Ukizidi, haiachii sawasawa na pikipiki inajivuta hata ukiwa umeikamata yote. Mafuta, yaani ule mshiko wa kulia unaozungushwa kuongeza mwendo, yafunguke na kurudi yenyewe unapoachia, hata usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Jaribu kukata kulia na kushoto huku injini inaunguruma. Sauti ikipanda yenyewe, waya umebana mahali. Cheni isilegee mpaka inapiga, kwa sababu cheni iliyolegea hufanya kila badiliko la mafuta liwe teke. Upepo wa tairi la mbele ukipungua, usukani unakuwa mzito na unataka kuanguka ndani ya kona. Na usukani wenyewe: inua gurudumu la mbele kwa stendi ya kati, uuzungushe taratibu. Ukisikia unanasa katikati, bearingi za shingo zimekazwa mno au zimelika, na hakuna binadamu atakayeenda sawa polepole na pikipiki ya namna hiyo.

Dalili: injini inazima kila unapoondoka

Asilimia kubwa ni mkono wa kushoto kuachia klachi kama vile umeshika kaa la moto. Klachi ina sehemu tatu. Mwanzo haitendi kitu. Mwisho nao hautendi kitu, imeshashika yote. Katikati pana kipande kifupi, pengine upana wa kidole tu, ambapo injini na gurudumu vinaanza kusalimiana. Hapo ndipo watu wa udereva wanapoita balansi, na hapo ndipo utakapoishi kwa wiki yako ya kwanza.

Zoezi lake halihitaji hata kuendesha. Washa, kamata klachi, ingiza gia namba moja, miguu yote chini. Usiguse mafuta. Achia klachi kwa polepole mpaka usikie mlio wa injini umeshuka kidogo na pikipiki inataka kusogea. Simamisha mkono hapo. Isogee nusu hatua, kamata tena. Rudia mara thelathini. Mwanafunzi anayefanya hivi kwa dakika kumi hazimishi tena ovyo, na yule anayelidharau ananizimishia mpaka Ijumaa.

Kama bado inazima, angalia gia. Wengi huondoka na namba mbili wakidhani ni moja, hasa kwa sababu pikipiki hazifanani: nyingine gia zote huingia kwa kukanyaga mbele, nyingine moja iko chini na zilizobaki juu. Asubuhi ya baridi injini iache ipate moto kwanza. Na sailensi, yaani mwendo wa injini ikiunguruma bila wewe kugusa mafuta, ikiwa chini mno itazima hata kwa bingwa. Injini nyingi za aina hii hukaa vizuri kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Kwa sikio, ni mlio usiokatikakatika unapoiacha peke yake.

Dalili: inaruka mbele, halafu unashindwa kuifunga

Hii ndiyo inayovunja watu. Picha yake ni hii: mwanafunzi ameshika mafuta huku kifundo cha mkono kimelala chini kuliko vidole. Pikipiki inaondoka ghafla, mwili unabaki nyuma, anajishikilia kwa kile alichokishika, na kile alichokishika ni mafuta. Kadiri anavyoogopa ndivyo anavyovuta. Nimeona ukuta wa choo cha shule ukipigwa namna hiyo.

Dawa ina mambo mawili. La kwanza, kaa karibu na tangi, magoti yalikamate tangi ili mikono isiwe ndiyo inayokushikilia. Kifundo cha mkono wa kulia kiwe sawa na kiganja, ili mwili ukirudi nyuma mkono usiyafungue mafuta ovyo. La pili ni la kulifanya liwe kama kupepesa jicho: kitu chochote kikienda kombo, kamata klachi. Kabla ya breki, kabla ya kupiga kelele, kabla ya kuweka mguu. Klachi ikikamatwa, injini ipige resi inavyotaka, gurudumu halina habari nayo. Mimi hutembea kando ya mwanafunzi na kupaza sauti bila taarifa, "Klachi!" Akichelewa tunarudia.

Dalili: inayumba kushoto na kulia, mguu unashuka kila hatua chache

Hapa tukae kidogo.

Mwanafunzi anayeyumba huwa anafanya kitu kinachoonekana cha busara: anataka kwenda polepole, basi anafunga mafuta na kukamata klachi yote. Pikipiki sasa inateleza tu kama toroli lililosukumwa likaachwa. Hakuna kinachoivuta. Kamba iliyolegea huyumba. Ivute ncha zote mbili, inanyooka. Pikipiki ni hivyohivyo. Inataka kuvutwa mbele na injini na kuzuiwa nyuma na breki kwa wakati mmoja, ndipo inatulia katikati.

Kwa vitendo: gia namba moja. Mafuta fungua kidogo, mlio uwe juu kidogo ya sailensi, na uache hapohapo. Mkono wa kulia usicheze. Klachi iwe kwenye balansi, pale katikati inapoanza kushika. Mguu wa kulia ukanyage breki ya nyuma kwa uzito wa kukanyaga yai bila kulipasua. Ukitaka kupunguza, ongeza uzito wa mguu. Ukitaka kuongeza, punguza mguu au achia klachi kwa upana wa ukucha. Ukiona unaanza kuangukia upande mmoja, usishushe mguu: achia klachi kidogo, pikipiki ivutwe, itasimama yenyewe. Watu hawaamini mpaka wafanye.

Breki ya mkono, ya mbele, iache kabisa katika kazi hii. Nitaeleza kwa nini chini kidogo.

Wenye leseni ya gari huingiwa na wasiwasi hapa, kwamba nawafundisha kuunguza klachi. Kwenye gari wangekuwa na haki. Klachi za pikipiki zetu nyingi zina pleti kadhaa zinazooga ndani ya oili ya injini, kwa hiyo zinastahimili kuteleza kuliko ile kavu ya gari. Hata hivyo zina kikomo, na injini hizi hupozwa na upepo ambao ukienda polepole haupo. Baada ya robo saa, zungusha uwanja kwa mwendo mara mbili tatu au uzime upumzike. Tumia oili ya pikipiki, ile yenye alama ya JASO MA kwenye kopo; baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na msuguano ndio klachi inayoutegemea.

Kisha macho. Ukiangalia tairi la mbele utaona kila kokoto na utajaribu kurekebisha kila kokoto. Tazama mwisho wa uwanja. Mimi husimama golini na kunyanyua vidole, mwanafunzi ataje ni vingapi huku anakuja. Ajabu ni kwamba anayehesabu vidole hayumbi.

Na mikono. Viwiko vikikazwa, kila unachopumua kinafika kwenye usukani. Pigapiga viwiko kama kuku anayetaka kuruka, vikigoma, umejikaza. Miguu nayo ikae kwenye vikanyagio tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Mguu uliotolewa nje unaburuza mizani yako nje pamoja nao, na zaidi ya hapo hauwezi kukanyaga breki.

Pikipiki za umeme, ambazo Kigali na Nairobi sasa zimejaa, kwa kawaida hazina klachi. Kanuni ni ileile: moto mdogo usiobadilika, breki ya nyuma ndiyo inayopima mwendo. Kwa zile ambazo breki ya nyuma iko mkono wa kushoto, wenye baiskeli huzoea haraka kuliko sisi.

Dalili: "Ni nzito, mimi siiwezi"

Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, nilipata mwanafunzi mmoja dada mfupi ambaye alikuwa hajawahi hata kupanda baiskeli. Siku ya kwanza akaniambia, "Mwalimu, hii chuma siiwezi, ni nzito kwangu." Nikamwambia, "Dada, shuka kwanza uishike." Nikaisimamisha wima, nikamwekea vidole viwili kwenye usukani, nikaachia. Ikasimama. Pikipiki ya zaidi ya kilo 100, vidole viwili. Nikamwambia ailaze kidogo kwake, kidogo tu, akaanza kuona uzito unavyokuja. Akailaza zaidi, ikabidi niidake.

Uzito wa pikipiki uko kwenye kulala kwake. Ukiikamata mapema, inapotoka tu wima, kidole kinatosha. Ukichelewa, hata mbeba zege inamshinda. Na ufupi hautaki miguu yote miwili ifike chini: mguu wa kushoto peke yake unatosha, ukitelezesha makalio kidogo upande huo wakati wa kusimama. Yule dada aliondoka siku ya tisa akiwa na debe la mbegu nyuma.

Dalili: unaanguka wakati wa kusimama

Karibu kila mara ni breki ya mbele huku usukani umekatwa. Breki ya mbele inalishusha pua lote la pikipiki, na kama gurudumu limeangalia kulia, uzito wote unaangukia kulia. Kwenye mchanga au changarawe hata haikuangushi kwa ustaarabu. Gurudumu linakimbia tu. Nyoosha usukani kwanza, malizia na breki ya mguu, kamata klachi mwishoni, shusha mguu wa kushoto pikipiki ikiwa imeshasimama au imebakiza kidogo sana. Ukiona tayari inaanguka na imepita pale unapoweza kuizuia, iache iende na wewe utoke. Kioo na mkono wa klachi vinauzwa dukani, goti haliuzwi.

Dalili: kona inakuwa kubwa, unaishia kwenye majani

Panga chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga, hatua kumi kati yake, na uzungushe namba nane. Atakayetoka nje ya njia, mtazame macho: anaangalia majani yaleyale anayoogopa kuingia. Pikipiki huenda kunakotazamwa. Geuza kichwa kizima, kidevu kivuke bega, tazama unakotokea kona wala si unapopita. Kwa kugeuka kabisa na kurudi ulikotoka, hii ina maana ya kutazama nyuma yako kabla pikipiki haijafika nusu. Shingo itagoma siku mbili za kwanza.

Kosa la pili ni kuogopa kukata usukani mpaka mwisho. Polepole unaruhusiwa, ndiyo kazi ya usukani. Na hapa mwili unafanya kinyume na kwenye mwendo: iache pikipiki ilale ndani ya kona, wewe ubaki wima, uzito wako ukae kwenye kikanyagio cha nje. Kona ya kulia, sukuma mguu wa kushoto.

Kosa la tatu ni kukamata klachi katikati ya kona kwa hofu. Pikipiki imelala, injini ndiyo inayoishikilia isianguke, nawe unaikata. Inalala chini, taratibu na kwa aibu. Mwendo urekebishe kwa mguu wa breki. Klachi ibaki kwenye balansi yake.

Utagundua pia kwamba kushoto unageuka vizuri na kulia hapana. Wanafunzi wengi wanasema ni kwa sababu wanatumia mkono wa kulia, au wa kushoto, kila mtu na nadharia yake. Tazama viungo. Ukikata kulia, mkono wenye mafuta unarudi tumboni, kifundo kinajikunja, na mafuta yanaongezeka au kufungwa bila ruhusa yako. Mguu wa kulia uko kwenye breki, kwa hiyo pikipiki ikitaka kuanguka upande huo huna mguu wa kushusha bila kuacha breki. Na sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara tunageuza kurudi tulikotoka kwa kukata kulia, yaani upande mgumu ndio wa kazi. Basi gawanya mazoezi: kwa kila duara moja la kushoto, mawili ya kulia. Kabla hujaingia kona, inua kiwiko cha kulia nje kidogo ili kifundo kibaki kimenyooka, na mafuta yaweke kiwango kabla ya kukata, siyo ndani.

Upana anza na hatua kumi na mbili, upunguze. Mtihani wa pikipiki wa Uingereza unamtaka mwanafunzi ageuze ndani ya mita 7.5, na hicho ni kipimo kizuri hata kwetu, kwa sababu hakiachani sana na upana wa barabara zetu za lami za njia mbili.

Dalili: mlimani inarudi nyuma

Wanafunzi wanaizuia kwa breki ya mkono wa kulia, halafu mkono huohuo unatakiwa kuongeza mafuta. Mizozo inaanzia hapo. Mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki ya nyuma. Achia klachi mpaka kwenye balansi na ongeza mafuta zaidi ya ulivyozoea uwanjani. Utasikia mlio unashuka na pikipiki inataka kwenda lakini breki imeikatalia. Hapo ndipo uachie mguu wa breki. Nawapeleka barabara ya kwenda Morningside, sehemu ya chini isiyo na mwinuko mkali, na tunaondoka mara ishirini mahali pamoja. Ukiweza hapo bila kurudi hata hatua moja, umeweza.

Dalili: mkono wa kushoto unakufa ganzi

Unakamata klachi kwa vidole vinne kwa nguvu zote hata pasipo haja. Ukisimama zaidi ya sekunde chache, weka nyutro, pumzisha. Tia oili kwenye waya. Kama mkono wa klachi umekaa juu mno au chini mno, legeza bolti yake uuelekeze ili vidole vinyooke sawa na mkono wa mbele.

Dalili: uwanjani unaweza, ukipata abiria au mchanga unashindwa

Abiria anapeleka uzito nyuma na juu, usukani wa mbele unakuwa mwepesi na kila kitu kinachelewa kidogo. Usimpandishe mpaka umeweza namba nane peke yako, na wa kwanza awe rafiki anayejua kutulia. Mwambie akae karibu nawe, atazame bega lako la upande mnaogeukia, asishushe mguu mkisimama. Anayejirusha kuchungulia mbele atawaangusha, na polepole ndiyo anawaangusha zaidi. Mzigo ufungwe chini na katikati. Gunia lililoning'inia upande mmoja hufanya kona moja iwe rahisi na nyingine isiwezekane.

Mchanga mzito unaenda kinyume na karibu yote niliyosema. Pale ukipunguza sana gurudumu la mbele linazama na kujikata lenyewe. Sogea nyuma kidogo kwenye siti, namba mbili, mafuta yasikatike, usukani ushike kwa ulegevu uache utikisike. Kama kipande ni kifupi na una haraka ya kufika mzima, shuka, ingiza namba moja, tembea kando yake huku unaivuta kwa balansi ileile uliyojifunza uwanjani.